Kuhama Kompyuta Bila Kupoteza Sauti: Somo kwa Vitengo vya Kurekodi



Ndugu zangu katika imani, muhula huu kitengo chetu cha sauti kimehama kutoka kompyuta ya Mac kwenda laptopu ya Windows iliyotumika. Mac ilikuwa mali ya ndugu yetu aliyehitimu, naye ameondoka nayo kama ilivyo haki yake. Najua hali hii si yetu peke yetu. Vikundi vingi vya qasida na madrasa, hapa Mbarara na kule Nakivale, hurekodi kwa kompyuta za kuazima. Mwenye kompyuta akihama, kazi ya miaka inaweza kuhama naye.

Kwetu sisi si hasara ndogo. Ndani ya ile Mac mlikuwa na usomaji wa Qur'an wa watoto wa madrasa moja upande wa Endiinzi, darsa za Kiswahili, na qasida za kinamama wa Kikongo na Kirundi wanaoishi Nakivale. Makazi yale yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wake huja na kuondoka. Baadhi ya waliotuimbia wameshahamishiwa Marekani na Kanada. Hatuwezi kuwaita tena waje kurudia.

Kwa hiyo msingi wa somo ni huu: sauti ni amana, programu ni chombo tu. Chagua chombo ambacho kikivunjika kesho, amana itabaki mkononi mwako. (Kuhusu ala za muziki, wanazuoni wana kauli zao na kila mmoja amuulize sheikh wake. Hapa nazungumzia sauti ya mtu na dufu.)

1. Toa sauti kabla ya kurudisha kompyuta

GarageBand hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple peke yake. Faili lake la kazi halifunguki kwenye Windows wala Linux, hata ukilinakili mara kumi. Logic Pro ni hivyo hivyo. Kinachovuka mpaka ni sauti yenyewe katika faili la WAV, ambalo kila programu ya kurekodi hulisoma.

Fanya hivi, njia moja baada ya nyingine:

(a) Zima njia zote isipokuwa moja, kwa mfano ya kiongozi wa qasida. Itoe kama WAV. Kisha waitikiaji, kisha dufu.
(b) Weka eneo la mzunguko lianzie mwanzo kabisa wa kazi na kuishia mwisho wake, na utoe eneo hilo tu. Hivyo mafaili yote yatakuwa na urefu mmoja. Ukiyapanga pamoja kwenye programu mpya yatalingana, dufu halitatangulia sauti.
(c) Zima mwangwi na mapambo mengine ya sauti. Mapambo ya programu moja hayahamii kwenye nyingine, na ukiyatoa pamoja na sauti huwezi kuyafuta tena.
(d) Katika mipangilio ya GarageBand, zima kile kinachopandisha sauti hadi kikomo chenyewe. Ukikiacha, mwitikiaji wa mbali atatoka na nguvu sawa na kiongozi.
(e) Mwisho toa nakala moja ya wimbo wote uliochanganywa, iwe kielelezo cha jinsi ulivyosikika.

Angalia pia diski ya kubebea. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa Apple haisomeki kwenye Windows bila programu ya ziada. Iandae kwa mfumo wa exFAT, unaosomwa na Mac, Windows na Linux za sasa. Na usirudishe kompyuta ya watu mpaka umefungua kila faili kwenye ile mpya na kulisikiliza hadi mwisho.

2. Programu: uliza haki kabla ya uzuri

Ukifika mjini na kusema unataka programu ya kurekodi, utapata wa kukuwekea yoyote dakika hiyo hiyo, iliyovunjwa kufuli, kwa bei ya soda. Hapa ndipo penye mtihani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilikiri kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa kisharia, na haifai kuzivamia. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 nayo inazilinda programu za kompyuta. Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mafungamano. Tutarekodije sura hiyo kwa chombo tulichokipata kwa kuvunja mafungamano?

Nashukuru Mungu kwamba hatuna dhiki ya kutulazimisha. Ziko njia za halali, na zote tatu hizi zinafanya kazi kwenye Mac, Windows na Linux, maana yake ukihama tena hutaanza upya:

Audacity. Ni ya bure na huria. Ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Kwa darsa, hotuba na msomaji mmoja wa Qur'an inatosha kabisa.

REAPER. Inafaa kwa qasida yenye sauti nyingi, na ni nyepesi hata kwa kompyuta ya zamani. Unaijaribu siku 60 bure, kisha leseni ya mtu binafsi au kikundi kidogo ni dola 60 za Marekani. Siku 60 zikiisha programu haijifungi. Inakukumbusha tu kwamba hujalipa. Mlango usio na kufuli si idhini ya kuingia. Sisi tuliamua kuchanga kidogo kidogo, na siku 60 zikiisha kabla mchango haujatimia, tunarudi Audacity.

Ardour. Hii ni programu huria iliyoasisiwa na Paul Davis. Ukitumia Linux utaipata bure katika hazina ya programu za matoleo mengi. Kwa Windows na Mac, toleo lililo tayari huombewa malipo.

Huenda ukaambiwa kwamba studio zote zinatumia FL Studio. Ni programu nzuri, hasa kwa kutunga midundo. Lakini toleo lake la majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi bila kuifungua tena mpaka ununue. Kwa mwenye amana ya watu, hilo ni jambo la kujua mapema.

3. Vifaa: kinachounganisha maiki na kompyuta

Kwenye Mac, mfumo wa sauti umo ndani tayari. Kwenye Windows, kifaa cha kuunganishia maiki huhitaji draiva nzuri ya ASIO, kiwango kilichobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Linux ina mifumo yake, kama JACK na PipeWire. Kabla ya kununua, uliza mambo mawili: je, kifaa kinatambulika kwa USB bila draiva maalumu? Na mtengenezaji bado anatoa draiva kwa Windows yako? Kifaa kinachojibu ndiyo kwa swali la kwanza kitakufuata popote.

Tatizo utakalolisikia kwanza ni sauti kuchelewa kwenye hedifoni. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 huchelewa kama milisekunde 5, na la 1,024 kama milisekunde 21. Msomaji akijisikia amechelewa, hupoteza madda na pumzi yake. Punguza fungu wakati wa kurekodi na uliongeze wakati wa kuchanganya. Afadhali zaidi, chagua kifaa kinachopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni.

Maiki ya kondensa husikia kila kitu, pamoja na pikipiki ya barabarani, na nyingi zake huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, huchukua zaidi kilicho karibu nayo. Kwa nyumba zetu naipendelea hii ya pili. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, Samson Q2U ina USB na waya wa kawaida wa maiki, hivyo inaweza kuanza bila kifaa cha kuunganishia.

4. Chumba ni nusu ya kazi

Kuta tupu hurudisha sauti, na mabati hunguruma hata kwa manyunyu. Tundika blanketi nyuma ya msomaji, simamisha godoro pembeni, tandika mkeka. Chomoa chaja na utumie betri, mngurumo wa umeme utapungua. Weka kiwango ili sauti kubwa kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6. Kisha nyamazeni nyote dakika moja, mrekodi kimya hicho na kukisikiliza. Kitakwambia kinachoharibu.

5. Kuhifadhi amana

Saa moja ya WAV ya njia moja, kwa biti 24 na sampuli 48,000, ni kama megabaiti 518. Saa hiyo hiyo kwa MP3 ya kilobiti 64 ni kama megabaiti 29. Basi hifadhi WAV, na utume MP3 kwenye simu za watu. Weka nakala tatu, moja yao mbali. Yetu moja iko Mbarara, moja kwenye diski ya akiba, na moja wanayo wenyewe wa madrasa upande wa Endiinzi.

Andika pia masharti ya mwenye sauti. Baadhi ya kinamama wa Nakivale waliruhusu qasida zao zisikilizwe na wanawake tu. Sharti hilo limo katika jina la faili na katika daftari, ili atakayeipokea kompyuta baada yetu asiseme hakujua.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta yenu ni ya nani, na ikiondoka wiki ijayo mtabaki na nini?
2. Ni mafaili mangapi mliyo nayo yanayofunguka kwa programu moja tu?
3. Programu mnayotumia mmeipata kwa haki gani?
4. Je, kila mwenye sauti anajua sauti yake iko wapi na nani anaisikiliza?

Tukishindwa kujibu, tusinunue kitu bado. Tuanze na la kwanza.

Wabillahi tawfiq.