Dondoo Muhimu: Kibali cha Kuwinda Wanyama Wakubwa
Ewe msomaji wa Nchiru, Kenya, utamaniye kuwinda kwa halali, fahamu kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, wala sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza marufuku hiyo. Basi safari yako ni ya Tanzania, nayo yataka subira ya miaka. Kwa kuwa kila kitalu cha uwindaji hupangiwa idadi mahsusi ya wanyama, na kampuni iliyokabidhiwa kitalu ndiyo iuzayo nafasi za kuwawinda, iandikie mapema, uulize kama simba au chui wamesalia katika mgawo kabla ya kutoa arbuni. Weka akiba taratibu, maana windo la simba huchukua siku 21 za gharama. Simba dume asiyetimiza miaka sita usimguse kabisa. Na bila hati ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ngozi ya chui haivuki mpaka.