Somo la Mwezi: Mpanda Baskeli na Dereva Mkorofi



Msimu wa karafuu ukifika, barabara zetu hujaa baskeli. Huyu anakwenda shamba alfajiri. Yule anarudi jioni na karafuu mbichi. Wa tatu anapeleka polo la karafuu kavu kituoni kuuza. Gari nazo huzidi, na kila moja ina haraka yake. Barabara za Pemba, kama mjuavyo, zina vilima na kona, na mwenye baskeli aliyefunga mzigo nyuma hawezi kuruka pembeni kama mbuzi.

Basi hutokea dereva akakupita karibu hata ukausikia upepo wa gari kwenye kiwiko. Au akakupigia honi mfululizo mgongoni mpaka ukaingia mtaroni. Au akakukatia mbele kwa kusudi. Wengi wetu hufanya moja katika mambo mawili: ama humtukana, naye hasikii, ama husema, "Yamekwisha, Mungu yupo," tukaenda zetu. Yote mawili hayamzuii dereva huyo kumfanyia vivyo hivyo mtoto wa jirani kesho. Somo letu ni jambo la tatu: kumshitaki polisi, na namna ya kufanya hivyo hata ukasikilizwa.

KWANZA, NAMBA. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukihesabu mpaka tano, imekwisha fika mita 80 na zaidi. Kwa hiyo usipoteze nafasi kwa kupiga kelele, tazama namba. Namba za kawaida za hapa Zanzibar huanza na herufi Z, kisha tarakimu tatu, kisha herufi mbili. Hiyo Z waijua tayari. Wewe shika tarakimu na herufi za mwisho. Zitamke kwa sauti mara tatu, kisha simama mahali pa salama uziandike: kwenye simu, kwenye kiganja, hata mchangani kwa kijiti. Ukikosa namba nzima, sehemu yake pamoja na rangi na aina ya gari ni bora kuliko hasira tupu.

PILI, MASHAHIDI. Tazama nani alikuwapo: mwenye duka, mchumaji aliye juu ya mkarafuu kando ya barabara, abiria aliyekuwa akingojea gari. Uliza jina na mahali akaapo. Kesho hutamwona tena.

TATU, KITUONI. Nenda siku ile ile. Kama pana hatari, piga simu 112. Ukifika, eleza uliyoyaona, si unayoyadhani. Linganisheni maelezo haya mawili:

"Dereva yule ni mwendawazimu, alitaka kuniua."

"Leo saa 12 na nusu asubuhi nilikuwa napanda kilima, upande wa kushoto. Gari nyeupe ya abiria ilinipita huku gari nyingine yaja mbele. Kioo chake kilinigusa bega la kulia, nikaanguka mtaroni. Haikusimama."

La kwanza ni hasira, na askari hawezi kuipeleka popote. La pili ni habari. Yaweza kuulizwa na kuthibitishwa. Usizidishe neno, maana uongo mmoja huharibu kweli kumi. Kabla ya kuondoka, omba namba ya RB, uiweke vizuri, ili ukirudi kuuliza usianze upya. Mpashe habari na sheha wako.

NNE, UKIUMIA. Aliye katika hatari apelekwe hospitali kwanza. Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo daktari hujaza majeraha aliyoyaona. Baskeli iliyopinda usiitengeneze kabla polisi hawajaiona. Ipigeni picha, na karafuu zilizomwagika pia. Gari hutakiwa na sheria kuwa na bima, lakini bima hudaiwa kwa karatasi, haidaiwi kwa maneno ya barazani.

TANO, MUHALI. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Kisiwa chetu ni kidogo. Dereva huwa ni mtoto wa shangazi, au mkwe wa jirani, na jioni wazee watakuja kukwambia, "Yaachie hapa hapa." Kusameheana ni jambo jema, wala hapana anayelikataza. Lakini fikiri: mguu uliovunjika ukiwa wako, una haki ya kuusamehe. Mguu wa mwenzako utakaovunjwa kesho, huna haki ya kuusamehe leo. Kijana anayeendesha vibaya akiitwa kituoni mapema, huenda akaonywa akatengenea. Akiachwa, siku moja ataua, naye ataingia jela. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo kumshitaki si uadui. Kwaweza kuwa hisani kwake na kwa mama yake.

Nasi tujitazame. Mwenye kushitaki awe mikono safi: breki zishike, taa ya mbele na ya nyuma ziwake, mzigo usipite kiasi, na tushike kushoto. Askari atauliza hayo, na ni haki yake kuuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Gari ikikupita vibaya, ni sehemu gani ya namba utakayoishika kwanza, na kwa nini?
2. Soma tena maelezo mawili ya kituoni. Taja mambo manne yaliyomo katika la pili ambayo hayamo katika la kwanza.
3. Mzee akikuomba umwachilie dereva kwa ajili ya ujamaa, utamjibuje kwa adabu?

Someni haya na watoto wenu pia, maana wao nao hupanda baskeli kwenda skuli, na barabara ni hiyo hiyo moja.