Dondoo muhimu: Kufunga vipuri kwenye mashine ya kumenyea kahawa

Mwili wa mashine nyingi za mkono ni chuma cha kumimina: hakipindi, hupasuka. Beringi ngumu usiipige nyundo moja kwa moja. Tanguliza kipande cha mti. Nati zikazwe kidogo kidogo, pembe kwa pembe.

Kazi yenyewe hasa ni kurekebisha nafasi kati ya ngoma na kifua chake, yaani bamba linaloikabili. Zungusha kwa mkono, bati la shaba la ngoma lisiguse popote. Kisha jaribu kwa konzi ya kahawa mbivu. Punje zikitoka zimekatwa, panua nafasi hiyo. Zikitoka na maganda, ipunguze. Wanaorekebisha kwa macho tu huharibu kahawa.

Wakulima wa Mpepai, jaribuni mashine kabla mavuno hayajapamba moto: kahawa mbivu humenywa siku ileile ya kuchumwa.