Kizunguzungu kisichoisha na masikio yanayovuma: namna ya kumfikia daktari ukiwa Kimihurura, Kigali

Sema ofisini kwamba una kizunguzungu, utapewa majibu matatu kabla hujakaa: ni presha, ni malaria, hujala. Mara nyingine ni kweli. Lakini kizunguzungu kinachorudi wiki baada ya wiki, na sikio linalovuma usiku kama friji ya dukani, hakitibiwi kwa kubahatisha. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu vinavyouzwa famasi hupunguza makali kwa siku mbili tatu tu; ukivimeza miezi, huuzuia ubongo kujifunza upya kushika mizani.

Anza kwa kutenga dharura. Uso ukipinda, mkono au mguu ukikosa nguvu, ulimi ukawa mzito, ukaona vitu viwili viwili, ukashindwa kusimama bila kushikwa, au kichwa kikauma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, hapo huenda ni kiharusi. Piga 912, namba ya gari la wagonjwa la SAMU, na usikubali kupakiwa kwenye pikipiki.

Dharura ya pili watu wengi hawaijui: sikio moja kuacha kusikia ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, huku likivuma. Mgonjwa hudhani ni nta, akatia mafuta, akangoja. Wakati huo neva ya sikio inaumia. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana.

Kama si hayo, una muda wa kujiandaa, na maandalizi ndiyo nusu ya matibabu. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu la “kizunguzungu”. Daktari anategemea maelezo yako, naye ana dakika chache. Andika kwenye simu kabla ya kwenda.

Andika kwanza unachohisi hasa. Je, nyumba inazunguka? Au macho yanaingia giza ukisimama? Au unayumba tu ukitembea kwenye mawe na miteremko ya Kimihurura? Giza la kusimama humpeleka daktari kwenye presha inayoshuka, upungufu wa maji, upungufu wa damu au dawa unazotumia. Kuzunguka humpeleka kwenye sikio la ndani, ambako kuna viungo vya mizani.

Kisha muda, na hapa usikadirie ovyo. Kuzunguka kwa chini ya dakika moja kila unapogeuka kitandani au kutazama juu mara nyingi husababishwa na chembe ndogo za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Shambulio la dakika 20 hadi saa kadhaa, sikio likijaa, likivuma na kupoteza usikivu, linafanana na ugonjwa ambao Prosper Ménière wa Paris alieleza mwaka 1861 kwamba chanzo chake ni sikio. Kuzunguka kwa siku nzima na kutapika huenda ni uvimbe wa neva ya mizani. Kipandauso nacho huleta kizunguzungu, hata siku ambayo kichwa hakiumi.

Usisahau orodha ya dawa, pamoja na sindano za miezi iliyopita. Waliowahi kutibiwa kwa kwinini wanaujua mvumo wake, ambao kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Gentamisini ni hatari zaidi: inaweza kuharibu viungo vya mizani moja kwa moja. Aspirini nyingi pia huvumisha masikio.

Ukitumia mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, anzia kituo cha afya. Omba upimwe presha ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama, wingi wa damu, sukari, na utazamwe ndani ya masikio. Nta iliyoziba ni jambo la kawaida, na kuitoa ni kazi ndogo, mradi ifanywe na muuguzi, si kijiti cha pamba. Ukishindwa kujieleza kwa Kiswahili, neno la Kinyarwanda “isereri” linatosha kuanzisha mazungumzo.

Tatizo likiendelea, dai barua ya rufaa. Kimihurura iko wilaya ya Gasabo, na hospitali mojawapo ya wilaya hiyo ni Kibagabaga. Kutoka hapo unaweza kupelekwa CHUK, hospitali ya rufaa ya chuo kikuu. Bila barua, na kama si dharura, mituweli haitakulipia. Ukiwa nayo unachangia asilimia 10 ya gharama za hospitali. Mwenye RAMA, bima ya waajiriwa, huchangia 15. Wenye bima binafsi huenda hospitali ya King Faisal, jirani tu pale Kacyiru, lakini waulize watu wa bima kwanza.

Kwa daktari wa masikio, pua na koo, kitengo ambacho Kigali hukiita ORL, omba kipimo cha usikivu. Kama kizunguzungu ni cha kugeuka kitandani, atakulaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa, atazame macho yako yanavyocheza. Akithibitisha ni zile chembe, atakizungusha kichwa hatua kwa hatua, mbinu ya Mmarekani John Epley, azirudishe mahali pake. Ni dakika chache, bila dawa, na wengi hupona kwa mara moja au mbili. Usiing’ang’anie picha ya CT eti kwa sababu ni ghali. Haionyeshi mengi ya sikio la ndani. Mvumo wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na moyo, ndio unaohitaji uchunguzi zaidi.

Mvumo wa kawaida mara nyingi hauna dawa ya kuumaliza, na anayekuuzia matone ya kuumaliza anakula fedha zako. Unaoweza kupunguzwa ni usumbufu wake, kwa redio ya sauti ndogo usiku, kifaa cha kusikia kama usikivu umeshuka, na kukaa mbali na spika kwenye baa.

Hadi upate jibu, usiendeshe gari wala pikipiki, na usipande ngazi ya kupaka rangi. Sikio likiziba ghafla Ijumaa jioni, nenda hospitali Ijumaa hiyohiyo.