MASHINE YA MVUKE: TUJUE TUNACHOOMBA KABLA YA KUOMBA

Somo kwa kamati za parokia na wafadhili wetu

Utangulizi

Tuchukulie kamati ya parokia moja, iwe Masasi au Newala, imekaa kuandika mahitaji ya zahanati. Katika orodha kuna mstari mmoja mfupi: "mashine ya mvuke kwa wagonjwa wa kifua". Kila mjumbe anaona mstari huo unaeleweka. Lakini mfadhili atakayeusoma anaweza kuleta kitu kimoja kati ya vitatu vilivyo tofauti kabisa.

Cha kwanza ni chombo cha umeme kinachochemsha maji, pamoja na mafuta ya mkaratusi au dawa nyingine ya maji, ili mgonjwa avute mvuke wa moto. Cha pili ni nebulaiza, inayotumika hospitalini kwa wagonjwa wa pumu. Cha tatu ni vepolaiza ya chumba cha upasuaji, inayogeuza dawa ya usingizi kuwa hewa. Vyote vitatu hupitisha dawa kwenye pumzi, lakini kazi zake hazifanani, bei hazifanani, na hatari zake pia hazifanani. Katika somo hili tutavitazama kimoja kimoja, kisha tutajiuliza ni kipi kinachofaa huku kwetu.

Dawa gani hupanda na mvuke?

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa pwani ya Mtwara na Lindi analijua. Maji ya bahari yakikauka juani, maji hupaa na chumvi hubaki. Ukichemsha maji ya chumvi jikoni ni hivyo hivyo: mvuke unaotoka hauna chumvi.

Dawa nyingi za maji ziko kama chumvi hiyo. Salbutamo, dawa inayofungua njia za hewa kwa mgonjwa wa pumu, haipandi na mvuke. Ukiiweka kwenye chombo cha kuchemsha, mgonjwa atavuta mvuke wa maji matupu na dawa itabaki chini. Mgonjwa atadhani ametibiwa, kumbe hajapata kitu, na muda wake wa kuokolewa unapita.

Dawa zinazopanda zenyewe ni zile zenye harufu kali inayosambaa haraka, kama mafuta ya mkaratusi, mentoli, na baadhi ya dawa za usingizi. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe "mashine gani?" bali "dawa gani, na kwa ugonjwa gani?"

Fundisho la zamani

Wazo la kupasha dawa moto ili ivutwe si geni. Marekani, katika miaka ya 1880, iliuzwa taa ndogo ya mafuta ya taa iliyoitwa Vapo-Cresolene. Taa hiyo ilipasha dawa ya maji iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, nayo iliwashwa usiku katika chumba cha mtoto mgonjwa. Baadaye zikatolewa na za umeme. Wauzaji waliitangaza kwa kifaduro, dondakoo, pumu na magonjwa mengine mengi.

Kilichowaokoa watoto na kifaduro na dondakoo siyo taa ile, ni chanjo. Hapa Tanzania chanjo ya magonjwa hayo mawili imo ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Parokia inayohimiza akina mama kukamilisha chanjo hizo imekwisha fanya kazi ambayo mashine ile haikuweza kuifanya.

Kujifukiza: faida na hatari

Wakati wa Uviko-19, mwaka 2020 na 2021, kujifukiza kulienea nchi nzima. Wengine walitumia chungu na blanketi, na hata Hospitali ya Taifa Muhimbili iliweka vibanda vya kujifukizia. Desturi yenyewe ni ya zamani katika nyumba zetu, nasi hatuidharau. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kupata nafuu kidogo ya pua iliyoziba. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa mafua hazijaonyesha faida ya uhakika, na mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu.

Hatari yake lakini ni ya uhakika. Mwaka 2020 hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, ilipokea ndani ya mwezi mmoja watoto 6 walioungua kwa sababu ya kujifukiza, wakati kwa kawaida ilipokea wastani wa watoto 2 kwa mwaka. Chombo cha umeme hakiondoi hatari hiyo. Maji bado yanachemka, na juu yake umeongezeka waya ambao mtoto anaweza kuuvuta. Mvuke wa moto, moshi na harufu kali vinaweza pia kumzidishia mgonjwa wa pumu kubanwa kifua. Mafuta ya mkaratusi, kafuri na mentoli hayafai kwa watoto wachanga.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni kuchelewa. Mtoto mwenye nimonia haponi kwa mvuke. Anahitaji dawa ya kuua bakteria, na akizidiwa anahitaji oksijeni. Tunaomba kila mjumbe wa kamati azijue dalili hizi, ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima mtoto akiwa ametulia:

- Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
- Mtoto wa miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto akifikia idadi hiyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asifunikwe blanketi kwanza.

Nebulaiza, na chupa ya nusu lita

Nebulaiza haichemshi kitu. Pampu yake ya umeme husukuma hewa kwa nguvu kupitia kikombe chenye dawa, na dawa hupasuka kuwa matone madogo sana kama umande, yanayofika ndani ya mapafu. Hapo salbutamo hufika kweli, kwa sababu haikuachwa chini na mvuke bali imebebwa ndani ya matone yenyewe.

Ni kifaa kizuri, lakini kina masharti. Kinahitaji umeme au mtungi wa oksijeni, dawa maalumu ya maji, na maski zinazosafishwa kila mara. Kikombe kisichosafishwa vizuri hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye mapafu.

Hapa ndipo penye habari njema kwa parokia yenye mfuko mdogo. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wenye pumu. Walichukua chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, wakaitoboa kitakoni, wakaingiza pampu ya pumu ya mkononi, na mtoto akapumulia mdomo wa chupa. Matokeo yakawa sawa na ya kifaa cha kiwandani. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa kwa shambulio la pumu lisilo la kutishia maisha, pampu yenye chupa au kifaa cha namna hiyo haizidiwi na nebulaiza. Shirika la Afya Duniani limeiweka njia ya chupa katika kitabu chake cha mwongozo wa kuwahudumia watoto hospitalini.

Namna ya kuiandaa ni hii:

1. Osha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa. Ikifutwa, dawa hung'ang'ania kwenye plastiki.
2. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu. Tundu likaze, na pembeni lizibwe kwa gundi au plasta ili hewa isivuje.
3. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto apumue taratibu kupitia mdomo wa chupa mara kadhaa. Kisha rudia kadiri mhudumu wa afya alivyoelekeza.

Mtoto mdogo asiyeweza kubana mdomo wa chupa huwekewa maski. Kiasi cha dawa hupangwa na mhudumu wa afya, siyo kamati wala jirani. Tena tukumbuke kwamba salbutamo hufungua njia za hewa tu. Mgonjwa anayebanwa mara kwa mara anahitaji pia dawa ya kuvuta inayozuia uvimbe wa ndani, hivyo afike kliniki hata siku anayojisikia vizuri.

Vepolaiza ya chumba cha upasuaji

Dawa ya usingizi ya kuvuta huja katika chupa ikiwa maji, na vepolaiza huigeuza kuwa hewa kwa kipimo. Ugumu wake ni kwamba kimiminika kinapogeuka hewa hupoa, kama ngozi inavyopoa ikipakwa spiriti, na kikipoa hutoa hewa kidogo, hivyo kipimo huyumba.

Dawa iitwayo desflureni ina ugumu wa peke yake. Huchemka kwenye nyuzi 23 hivi za Sentigredi, ambazo mchana wa Masasi huzipita kwa urahisi. Kwa hiyo ilitengenezewa vepolaiza ya umeme inayoipasha hadi nyuzi 39 ndani ya chombo kilichofungwa, ili kipimo kisiyumbe. Bila umeme chombo hicho hakifanyi kazi. Aidha, hewa yake huongeza joto la dunia kwa kiasi kikubwa, na tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake ya kawaida. Wafadhili watambue kwamba vepolaiza za namna hiyo zikiondolewa katika hospitali za Ulaya, zinaweza kuonekana kama zawadi nzuri kwa Afrika. Kwetu zitakuwa mzigo.

Hospitali zenye umeme wa mashaka zimehudumiwa kwa muda mrefu na vepolaiza za aina nyingine, ambazo mgonjwa mwenyewe huvuta hewa ya chumba ikapitia juu ya dawa. Mojawapo ni ile ya Epstein na Macintosh wa Oxford, iliyotolewa katika miaka ya 1950. Joto lake lilitunzwa na maji yaliyoizunguka, bila umeme wowote. Hata hivyo, chombo chochote cha usingizi kiombwe na hospitali yenye mtaalamu wa usingizi, siyo zahanati.

Hali halisi ya uwanda wetu

Mkoa wa Mtwara umepata umeme wa gesi ya Mnazi Bay tangu miaka ya 2000, lakini kijiji kuwa na nguzo si sawa na zahanati kuwa na umeme saa zote. Juu ya uwanda, maji nayo ni ya kusukumwa kwa pampu kutoka bondeni, kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu, hata kuosha maski kunakuwa shida. Vipuri vingi hutoka Dar es Salaam, na mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi.

Tusisahau pia msimu wa korosho. Kuanzia Juni hivi, mashamba hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Vumbi lake huwasha macho na koo, na linaweza kuamsha pumu. Mgonjwa wa pumu asipulizie wala asikae upande unakokwenda upepo, mpuliziaji afunike pua na mdomo, na nguo za kazi zisiingizwe chumbani kwa watoto. Moshi wa kuni katika jiko lililofungwa una madhara ya aina hiyo hiyo. Kujikinga huku kuna gharama ndogo kuliko mashine yoyote.

Ombi letu kwa wafadhili

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini havikuwa vikifanya kazi. Sababu zake ni za kawaida: mafunzo, vipuri, umeme. Kwa hiyo tunaomba mtuulize kabla ya kutuma. Vifaa tiba vinavyoingizwa nchini vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Pampu za pumu zinazopatikana mwaka mzima, pamoja na semina ya siku moja kwa wahudumu, zinaweza kuokoa watu wengi kuliko mashine moja inayosubiri fyuzi. Na pale hospitali inapohitaji nebulaiza kweli, ije na maski za akiba, dawa yake na fundi anayejulikana.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika orodha yetu ya mahitaji, kuna kifaa ambacho hatujui kinatumia dawa gani?
2. Je, zahanati yetu ina pampu za pumu leo? Nani anafuatilia zisiishe?
3. Umeme ukikatika usiku, mgonjwa aliyebanwa atahudumiwaje?
4. Nani kati yetu anaweza kuhesabu pumzi za mtoto na kutambua hatari?
5. Kabla ya msimu wa salfa kuanza, tutawatangazia nini wakulima wetu?

Mkishajadili, andikeni upya ule mstari mfupi wa orodha. Utajeni ugonjwa, dawa, kifaa, mtu atakayekitumia na mtu atakayekitengeneza. Hapo mfadhili atajua anachochangia, na mgonjwa atapata pumzi.