Unakimbizwa na nani?

Mwaka jana baba yangu mzazi alikuja Dar es Salaam kutoka Pangani kutibiwa macho. Alikaa kwangu Mbagala siku tisa. Kwa kuwa hakuweza kutembea gizani hadi msikitini, Alfajiri na Isha tulisali sebuleni. Kila nilipomwomba atangulie alikataa, akisema mwenye nyumba ndiye mwenye haki zaidi ya kusalisha.

Siku ya kuondoka, tukiwa stendi tunasubiri basi, akaniambia: "Mwanangu, nimesali nyuma yako siku tisa, na karibu kila sala nimeirudia peke yangu ulipokwisha toka. Mimi nikiinama rukuu, wewe umeshafika kwenye sijida. Hivi unakimbizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Simu ilikuwa inaita mfukoni na, kwa aibu nakiri, niliipokea.

Ndugu msomaji, swali lile lilinikosesha usingizi. Wengi wetu tuliosoma chuoni tulipitia kitabu cha Safina. Humo tulifundishwa kuwa kutulia katika rukuu, itidali, sijida na kikao cha kati ya sijida mbili ni nguzo ya sala. Kiwango chake cha chini ni viungo kutulia kwa muda wa kusema subhanallah. Nilihifadhi hayo nikiwa mtoto wa miaka kumi. Leo nina miaka arobaini na sita, na ninayoyajua siyatendi.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha mtu aliyeingia msikitini akasali haraka haraka, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia arudi akasali, kwani hakuwa amesali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule bwana akasema kuwa hajui kusali vizuri zaidi ya vile, akaomba afundishwe. Akafundishwa kutulia katika kila kitendo. Tuzingatie hapa: mtu yule hakuambiwa sala yake ina upungufu kidogo. Aliambiwa hakusali. Je, mimi nimesali miaka mingapi?

Nikaanza kujichunguza haraka hii inatoka wapi. Nina fremu ya vitambaa Kariakoo iliyokuwa ikitutosha. Miaka michache iliyopita nikaona wenzangu wana fremu mbili, nami nikataka ya pili. Nikachukua mkopo wa riba, na hukumu ya riba naijua. Ikabidi kununua gari la kukimbilia huku na kule. Nikawa natoka nyumbani watoto wamelala, narudi wamelala. Nilipokaa na mke wangu tukapiga hesabu, tukakuta faida ya fremu ya pili yote inaishia kwenye kodi, marejesho ya mkopo na mafuta ya gari linalosimama kwenye foleni. Kwa hiyo nilikuwa namkimbilia Allah (s.w.) katika sala zangu ili niwahi biashara isiyonipa kitu!

Wapo watakaosema Uislamu haukatazi kutafuta. Ni kweli kabisa. Katika Suratul Jumua, aya ya 9 na ya 10, Allah (s.w.) anatuamrisha tuache biashara tunapoitwa kwenye sala ya Ijumaa, kisha baada ya sala anaturuhusu tutawanyike tutafute fadhila zake. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akaomba aonyeshwe soko lilipo, akafanya biashara mpaka akatajirika. Tatizo si soko. Tatizo ni soko kutufuata mpaka kwenye mswala.

Tena tukumbuke nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilivyokuwa. Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia Urwa, mtoto wa dada yake, kuwa miezi ilikuwa ikiandama mmoja baada ya mwingine bila moto wa kupikia kuwashwa katika nyumba zake. Walikula tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari. Hata hivyo Mtume alikuwa na nafasi kwa wageni na mayatima. Sisi friji zimejaa, lakini wazazi wetu wanakuja wanaondoka hatujakaa nao saa moja.

Nilichofanya si kikubwa. Fremu ya pili nimeirudisha kwa mwenyewe. Gari nimeliuza, deni nimelimaliza, na sasa napanda daladala ambamo walau naweza kuleta uradi. Simu ikifika Magharibi inakaa kabatini mpaka Isha imeisha na chakula kimeliwa. Wateja wawili watatu wamekasirika, mmoja amehama moja kwa moja. Siwezi kusema hilo halikuniuma.

Siwaambii wasomaji wote wauze magari. Kila mtu anajua mzigo wake. Nawaomba jambo moja tu: leo katika sala yako ya Isha, ukiinama, usiinuke mpaka viungo vimetulia. Ukiona hilo linakuwia zito, jiulize nini kinachokuvuta, na hicho ndicho cha kuanza kukipunguza.

Namshukuru Allah, baba yangu bado yu hai. Idi iliyopita nilikwenda Pangani, na usiku nilimwomba asalishe, kwa kuwa safari hii nyumba ilikuwa yake. Sala ilikuwa ndefu, na magoti yangu ndiyo yaliyochoka.

Wabillahi tawfiiq.