Bunduki ya Marehemu: Inakula Risasi Gani?

Familia inapogawana mali ya mzee huko Suna au Ndhiwa, huenda ikatokea bunduki darini: ya vita, iliyokatwa mbao za mbele na mtutu ikawa ya kuwindia. Eneo hili lina historia yake. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakapigana na King's African Rifles, askari wa Mwingereza, pale Kisii. Uwindaji nao uliendelea hadi Kenya ilipoupiga marufuku mwaka 1977.

Usiiguse bolti, wala usiipakie bodaboda kuipeleka kituoni, kwani kumiliki silaha bila cheti ni kosa chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Mpigie mkuu wa kituo cha polisi (OCS), polisi waje kuichukua. Kuitambua ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, lakini mrithi anayetaka kuihalalisha ajue cha kumuuliza.

Mhuri ulio juu ya mtutu usikutoshe. Chemba huchongwa upya na maandishi ya zamani yakabaki yalivyo. Hata risasi kuingia si ushahidi: ya Mauser, 7.92×57, yaweza kuingia katika chemba ya .30-06, na hapo risasi ya milimita 8.2 inasukumwa kwenye mtutu wa milimita 7.8. Bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Fundi aanze na uso wa bolti. Ganda la .303 ya Mwingereza lina ukingo uliotokeza kitakoni; la Mauser ya 7.92×57 halina, wala la .30-06. Hapo ndipo bunduki za P14 na M1917 zinapoachana. Zote mbili zilitoka viwanda vile vile vya Marekani na ukizitazama ni kama pacha, ila ya kwanza ni .303, ya pili .30-06.

Kisha atoe umbo la chemba. Anaondoa mafuta yote, anaziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, anamimina Cerrosafe, madini yanayoyeyuka kabla maji hayajachemka. Yakiganda anayatoa, anasubiri takriban saa moja, ndipo anapima kwa kalipa urefu, shingo na kitako. Mwambie pia apitishe risasi laini ya plumbum mtutuni. Kwa Mauser ya 7.92×57, Mjerumani alianza mwaka 1888 na risasi ya milimita 8.07, kisha kuanzia 1903 akahamia 8.2. Maganda yanafanana mno, na tofauti hiyo ndogo ni ya hatari.

Ikiwa ni Mauser ya 1871, waliyokuwa nayo askari wengi wa Mjerumani mwaka 1914, hiyo ni ya milimita 11 na baruti nyeusi. Isipigwe kabisa kwa baruti ya kisasa.

Vipimo visipolingana na risasi yoyote inayojulikana, usimruhusu mtu aijaribu kwa kubahatisha. Iache kwa polisi na udai stakabadhi.